Stroberi Nyuma ya Mashuka

Nyumba ilikuwa ndogo, lakini ua wake wa nyuma ulikuwa mrefu. Ua huo ulijaa kamba. Kila asubuhi mama mwenye nyumba alianika mashuka kwenye kamba hizo, meupe, ya bluu, na ya maua maua. Upepo ukija, mashuka yalivimba kama yanavuta pumzi. Upepo ukienda, yalishuka polepole yakatulia. Mtu akisimama katikati yake, hakuona ukuta wala paa. Aliona mashuka tu, na jua likipenya ndani yake.

Mama huyo alikuwa dobi. Majirani walimwita Mama Povu, naye hakuchukia. Alisema kuna wanawake wanaoitwa majina mabaya zaidi, na hawajafua hata leso.

Mume wake alikuwa fundi saa. Kwa miaka thelathini alikaa nyuma ya kioo kidogo sokoni, akifungua saa za watu na kuzifunga tena. Vidole vyake vilizoea vitu vidogo kuliko punje ya ufuta. Kila mtu alimwita Fundi, hata mke wake.

Kisha macho yake yakaanza kufifia. Yalianza pembeni, kama mtu anafunga mapazia taratibu. Kwa kuwa hakusikia maumivu, hakwenda hospitali mapema. Alipokwenda, daktari alimwambia kwamba ni presha ya macho, na kwamba uoni uliokwisha kupotea haurudi. Kabla mwaka haujaisha, giza lilikuwa limefika katikati.

Tangu hapo Fundi alishinda kwenye kiti karibu na dirisha la nyuma. Asubuhi alisikiliza mashuka yakipigwa na upepo. Mchana alisinzia. Aliwahi kusema kwamba akilala anaona rangi zote, na akiamka ndipo giza linapoingia. Hakusema hivyo kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Fundi alikuwa na dada aliyekaa mji mwingine. Siku moja dada huyo alipiga simu, akasema ana chumba kitupu, na kaka yake akitaka aje akae naye. Fundi alifikiri kwa siku tatu. Halafu akamwambia mke wake kwamba mvua zikiisha ataondoka.

"Wewe una kazi zako," alisema. "Mimi hapa ni furushi jingine la nguo, tena lisilokauka."

Alitaka iwe mzaha. Mama Povu hakucheka. Alichukua beseni lake akatoka nje, na siku hiyo alifua shuka moja mara tatu bila kujua.

Wiki hiyo hiyo aliletewa vitambaa vya meza kutoka nyumba ya wageni. Kimoja kilikuwa na madoa mekundu. Alikitandaza mezani, akawa anatafuta pa kuanzia. Fundi akainua uso.

"Ni nini hicho kinachonukia?" aliuliza.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi kuuliza jambo lolote. Mama Povu alimwambia ni stroberi, pengine wageni walikula wakazimwaga. Fundi akaomba apewe kitambaa. Alikishika karibu na uso kwa muda mrefu. Kisha akasema harufu ile ina rangi. Akiivuta, anaona wekundu, tena si usingizini. Anauona hivi hivi, akiwa macho.

Mama Povu aliposikia hivyo, alikiacha kitambaa kile mezani mpaka jioni.

Kesho yake alikwenda kwenye kitalu cha miche kilichokuwa kando ya barabara kubwa, akarudi na miche kumi na miwili ya stroberi. Hakumwambia mume wake. Alitaka siku moja amwekee tunda kiganjani bila kusema neno. Alichimba nyuma ya kamba, mahali alipopanda nyanya mwaka uliopita, kwa sababu udongo wa pale ulikuwa laini. Aliizamisha miche sana ili isianguke. Akaijazia samadi mbichi ili ishibe. Kila jioni aliimwagia juu ya majani maji aliyosuuzia nguo, kwa kuwa aliona vibaya kuyamwaga bure.

Wiki ya pili majani yakawa ya manjano. Wiki ya tatu kingo zake zikakauka kama karatasi iliyopitiwa na moto. Miche saba ikaoza katikati. Ukiigusa, ilichomoka yenyewe.

Nyumba ya tatu kutoka pale alikaa mwanamke mrefu aliyefanya kazi kwenye kile kitalu. Watu walimwita Bibi Kitalu. Asubuhi moja alikuja kuchukua ovaroli zake zilizokuwa zimefuliwa. Alipobisha hodi hakuitikiwa, akaingia hadi uani. Alipofunua shuka moja, alimkuta Mama Povu amechuchumaa, ameshika mche uliokufa.

Bibi Kitalu akachuchumaa naye. Alichukua udongo kidogo, akaunusa.

"Dada," alisema, "hii miche uliipanda au uliifua? Udongo wako unanuka sabuni."

Mama Povu alicheka huku machozi yanamtoka. Akaeleza yote, kuanzia kile kitambaa cha meza mpaka kile chumba kitupu cha wifi yake. Bibi Kitalu alisikiliza mpaka mwisho. Hakumlaumu. Alisema hata yeye alipoanza kazi aliua miche mingi kuliko aliyoikuza. Kisha akamweleza makosa yake moja baada ya jingine.

Maji ya sabuni na dawa ya kung'arisha nguo yaliunguza mizizi. Stroberi hupewa maji safi, tena asubuhi, na humwagiwa kwenye udongo. Majani yakilala na maji, yanashikwa na magonjwa. Samadi mbichi nayo ina moto. Inafaa ile iliyokaa miezi mingi ikaoza, ikawa nyeusi na haina harufu tena, au mboji iliyoiva. Na mahali palipokuwa na nyanya, viazi mviringo, biringanya au pilipili hapafai kwa miaka kadhaa, maana mimea hiyo huacha ardhini ugonjwa unaonyausha stroberi.

"Halafu jua," alisema Bibi Kitalu. "Hii inataka jua la muda wa saa sita mpaka nane kwa siku. Hapa mashuka yako ndiyo yanayoota jua. Miche imekaa chini ya kitanda."

Mama Povu alitazama kamba zake. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba zina kivuli.

Bibi Kitalu akauchukua ule mche uliokufa, akautenganisha kwa ukucha. Kati ya mizizi na majani kulikuwa na kifundo kifupi kinene. Kilikuwa kimeoza. Alisema yeye hukiita moyo wa mche, kwa sababu majani na maua yote hutoka humo.

"Ukiuzika, unaoza," alisema. "Ukiuacha juu mno, mizizi inakauka. Moyo unatakiwa kukaa sawa na uso wa udongo, si juu wala chini. Hapo ndipo wengi tunapokosea, maana majani yanalidanganya jicho. Kazi hii inataka mtu mwenye vidole."

"Vidole vya namna gani?" aliuliza Mama Povu.

"Vinavyojua kwamba unene wa ukucha si unene wa karatasi."

Wanawake wawili wakageuka. Wote walikuwa wanatazama dirisha. Lilikuwa wazi, na Fundi alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti chake. Alikuwa amesikia kila neno.

Bibi Kitalu alikwenda akasimama dirishani. Alimsalimia, kisha akamwambia, "Shemeji, nina kazi ya mikono."

"Mimi sioni, shemeji."

"Macho sijayaulizia. Nimeulizia vidole."

Shuka moja lilijaa upepo, likashuka. La pili likajaa, likashuka. Ndipo kiti kikakwaruza sakafu. Fundi akatokea mlangoni, mkono mmoja ukutani. Mama Povu alitaka kukimbia kumshika, lakini Bibi Kitalu alimvuta mkono wa gauni. Fundi alishuka ngazi mbili, akasimama uani. Mashuka yalimgusa usoni, moja baada ya jingine, naye akayapitia taratibu kama mtu anayepita katikati ya watu anaowafahamu.

Kesho yake walianza upya. Mama Povu alihamishia kamba upande wenye kivuli. Alijua mashuka yatachelewa kukauka, akasema yatakaushwa na upepo. Upande wa pili, karibu na ukuta, jua lilifika mapema na kukaa mpaka alasiri. Hapo walichimba tuta lililoinuka shubiri moja ili maji ya mvua yasituame, wakauchanganya udongo na mboji. Bibi Kitalu alileta miche saba mizima kuziba pengo la iliyokufa. Ile mitano iliyobaki waliing'oa polepole, wakaisafisha mizizi kwa maji safi. Bibi Kitalu hakuwa na hakika kama yote itapona, lakini alisema ijaribiwe.

Fundi alipiga magoti. Alipima kwa mkono wake, shubiri moja na nusu kati ya mche na mche. Bibi Kitalu alimfundisha kufanya kichuguu kidogo ndani ya shimo, kuukalisha mche juu yake, na kuitawanya mizizi pande zote kama mtu anayetandaza pindo la gauni. Kisha udongo ukarudishwa. Fundi akapitisha kidole kuuzunguka mche. Kidole kikasita. Akaondoa udongo kidogo sana, akapitisha kidole tena.

"Huu hapa," alisema kwa sauti ndogo. "Moyo umekaa."

Bibi Kitalu aliinama akatazama. Hakuongeza wala hakupunguza kitu. Alimpa mche wa pili.

Walipomaliza, waliweka matandazo ya nyasi kavu kati ya miche. Bibi Kitalu alieleza kwamba nyasi hizo huzuia magugu, hutunza unyevu, na huyaweka matunda juu ya udongo ili yasioze. Aliwaonya wasizisukume nyasi kwenye mioyo ya miche. Alipoondoka, Fundi hakurudi kwenye kiti. Alikaa ukingoni mwa tuta mpaka alipoitwa kula.

Tangu siku hiyo kumwagilia kukawa kazi yake. Kila asubuhi alitumbukiza kidole kwenye udongo mpaka pingili ya kwanza. Akikuta unyevu, aliacha. Akikuta pakavu, alimwaga maji kwa kopo, taratibu, kando ya kila mche. Mama Povu alikuwa anapiga pasi ndani, na kupitia mvuke wa pasi alimwona mume wake anasogea kutoka mche mmoja kwenda mwingine. Mara nyingine alidhani anaota. Pasi ikakaa mahali pamoja mno, na foronya ya mtu ikapata alama ya kahawia.

Wiki ya tatu maua yalitokea. Mama Povu alifurahi sana. Lakini Bibi Kitalu alipopita alisema maua yote ya wiki sita za mwanzo yaondolewe. Mche mchanga ukizaa mapema, nguvu zote zinakwenda kwenye tunda na mizizi inabaki dhaifu. Ukisubiri, utazaa zaidi na kwa muda mrefu. Mama Povu aliitikia kwa kichwa, lakini hakuondoa hata ua moja. Siku ya pili Bibi Kitalu alimwuliza kwa nini.

"Mvua zinaisha," alisema Mama Povu. "Na yeye anaondoka zikiisha. Nikiyatoa haya maua, ataondoka hajaonja."

Hakujua kwamba Fundi alikuwa amesimama nyuma ya shuka. Fundi alikuja, akapiga magoti. Alitafuta vikonyo kwa vidole, kimoja kimoja, akayachuna maua yote na kuyaweka kiganjani mwa mke wake. Yalikuwa mepesi, kama hayapo.

"Basi," alisema, "tutachelewa pamoja."

Jioni ile alimpigia dada yake simu. Alimwambia asimtarajie mwezi huo. Dada aliuliza kama anaumwa. Fundi akajibu kwamba haumwi, ila ana kazi.

Mvua ziliisha. Maua mapya yakaja, na safari hii waliyaacha. Kila asubuhi Fundi alimwomba mke wake amweleze anachokiona. Mama Povu hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya kwanza alisema maua ni meupe. Fundi aliuliza ni weupe wa namna gani. Mama Povu alifikiri sana.

"Weupe wa shuka jipya," alisema mwishowe, "ambalo hajalilalia mtu."

Fundi alitabasamu, akasema sasa ameyaona.

Ndege nao waliyaona. Mama Povu alipowakuta wanatua tutani, alichukua pazia la zamani lenye vitundu vidogo ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua, akalifunika tuta lote kuanzia asubuhi mpaka jioni. Alijiona mjanja. Lakini matunda yaliyoanza kutokea yalikuwa madogo, yamejikunja upande mmoja kama ngumi ya mtoto mchanga. Mama Povu aliogopa kwamba ule ugonjwa wa nyanya umewafuata. Alikaa chini, mikono mapajani.

Fundi alikuwa anasikiliza. "Nyuki wamekwenda wapi?" aliuliza. "Tangu ufunike hilo pazia sijawasikia."

Walimwita Bibi Kitalu. Alisema Fundi ameshajibu, yeye amekuja kunywa maji tu. Akaeleza kwamba nyuki ndio wanaosambaza lile vumbi la manjano ndani ya ua. Sehemu ya ua isiyofikiwa na vumbi haijai, na tunda linapinda. Kwa hiyo asubuhi, nyuki wanapofanya kazi, tuta liwe wazi. Matunda yakianza kubadilika rangi, ndipo lifunikwe saa zilizobaki, juu ya vijiti ili kitambaa kisikandamize mimea, na kingo zibanwe kwa mawe ndege wasije wakanasa.

Basi Fundi akawa mlinzi wa asubuhi. Alikaa kwenye kigoda kando ya tuta. Akisikia mabawa ya ndege, alipiga makofi mara moja. Akisikia nyuki, alitulia kabisa. Jua lilimpata usoni, mashuka yalipumua upande wa pili, na mvumo mdogo wa nyuki ulizunguka kutoka ua hadi ua. Siku moja Mama Povu alimkuta amefumba macho. Alimuuliza kama amelala. Fundi alisema hapana, alikuwa anatazama.

Asubuhi moja alimwita mke wake akasema kuna stroberi iliyoiva. Mama Povu alikagua tuta lote. Alisema bado, zina wekundu upande mmoja tu, na upande wa juu ni nyeupe. Fundi hakubisha. Aliinama, uso karibu na nyasi, akasogea polepole. Kwenye mche wa nne alisimama. Alifunua jani kubwa, na chini yake palikuwa na tunda moja lililojificha.

Bibi Kitalu alikuwa amewaambia kwamba stroberi ikishachumwa haiongezi utamu, kwa hiyo isubiriwe mpaka iwe nyekundu yote. Pia alisema ichumwe asubuhi kabla ya joto, kwa kukata kikonyo kwa ukucha, bila kulivuta tunda lenyewe.

"Hapa juu pakoje?" aliuliza Fundi. "Karibu na yale majani madogo."

Mama Povu alipiga magoti kando yake. "Pekundu," alisema. "Pekundu pote, Fundi. Wekundu wa kitu kilichokuwa kinatungojea."

Fundi alikata kikonyo. Waliliosha tunda kwa maji safi, wakaligawa mara mbili kwa kisu cha jikoni. Lilikuwa na joto kidogo la jua. Walikula wamekaa chini, mabega yao yamegusana, bila haraka. Nusu ya stroberi haijazi hata kijiko, lakini waliila kwa muda mrefu.

"Mpigie dada," alisema Fundi baadaye. "Mwambie chumba ampe mtu mwingine."

Mama Povu alishika mkono wa mume wake, wenye udongo kwenye kucha, akaushikilia mpaka maji yake ya kufulia yakapoa kwenye beseni.

Miezi iliyofuata walichuma bakuli baada ya bakuli. Miche ikaanza kutoa vikamba virefu vilivyotambaa, na kila kikamba kilikuwa na mche mdogo kwenye ncha yake. Bibi Kitalu aliwaambia wavikate vingi, kwa sababu vinamchosha mama yao. Wachague vichache kutoka miche yenye afya, wakalishe ule mche mdogo kwenye kopo la udongo bila kuutenga na mama, wauzuie kwa kijiwe mpaka utoe mizizi yake. Baada ya wiki nne hivi, kikamba kinakatwa. Kwa njia hiyo hawatakosa miche ya kubadilisha, maana baada ya miaka mitatu miche mikongwe huzaa matunda madogo.

Fundi aliipenda kazi hiyo kuliko zote. Makopo yakapangwa chini ya dirisha, kumi, kisha ishirini. Habari zikazagaa mtaani. Mshona viatu wa ng'ambo ya barabara alikuja kuomba mche, akasema ana kipande cha ardhi nyuma ya nyumba yake lakini hajui kuanza. Mama Povu alijifuta mikono, akasema atampelekea jioni.

Fundi alikuwa amekwisha kusimama. Alichukua kopo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili fimbo yake, ambayo tangu alipopewa hospitali ilikuwa imeegemea nyuma ya mlango. Alisema mche haupelekwi tu. Lazima mtu apaone pale unapokwenda kukaa.

Mama Povu alisimama getini. Barabara haikuwa pana, lakini asubuhi ile aliiona pana. Mume wake alisimama ukingoni, akasikiliza kushoto, akasikiliza kulia, akavuka. Fimbo ikagonga kizingiti cha mlango wa mshona viatu. Mlango ukafunguka. Wote wawili wakapotea nyuma ya ukuta.

Halafu akaisikia sauti ya Fundi, ile ya zamani, ya mtu aliye kazini.

"Kwanza niambie," ilisema, "jua linafika hapa saa ngapi?"